Zamu ya Nyamizi

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na nne Mei, mwaka 2081. Watu wengi wa Hospitali ya Mnarani wangekutajia siku nyingine. Wangekwambia ni ile siku Nyamizi alipokutwa kitini, kichwa kimelala begani, viatu kavua na kuviweka pembeni kama mtu aliyefika kwake. Mihambo hakubaliani nao. Siku mkewe alipokufa, mambo yalikuwa yameshaharibika zamani. Kifo kilikuja kuzoa mabaki tu. Siku yenyewe ni hiyo Jumatano, walipoleta viti.

Vilishushwa na ndege-mzigo juu ya paa, vyeupe, vinene, vyenye migongo mirefu kama viti vya kinyozi wa matajiri. Juu ya kila kiti kilining'inia kilemba cha nuru, kofia ya nyuzi laini zinazong'aa. Muuguzi akimaliza zamu anakaa, kilemba kinashuka mpaka kwenye paji la uso, na sauti tulivu inamuuliza maswali matatu. Nini kilitokea leo? Ulihisi nini? Ungefanya nini tofauti? Yeye anajibu kwa mdomo, na huku kilemba kinasoma kile ambacho mdomo hauwezi kukieleza: vidole vilibana kiasi gani, moyo ulishtuka wapi, macho yaliona nini kabla akili haijajua kwamba yameona. Yote hayo yanateremka kwenye Ubongo Mkuu, mtambo uliowekwa chini ya jengo kwenye chumba cha baridi. Kukipambazuka, wakunga-chuma wa wodini, zile mashine za mikono sita zinazozalisha, wameshajifunza.

"Ninyi kazi mkiimaliza mnaitupa," Mkurugenzi Kweka aliwaambia wafanyakazi siku hiyo. Alikuwa mwanamke mrefu, msomi hasa, sauti yake haipandi wala haishuki. "Umezalisha, umenawa mikono, umeondoka. Ulichojifunza kimekwenda na maji. Kuanzia leo hakitupwi kitu."

Watu walipiga makofi. Mihambo hakupiga, kwa sababu alikuwa juu ya ngazi anapaka grisi bega la mkunga-chuma, na mikono ilikuwa michafu. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliishia darasa la saba huko Sikonge, akaja na mkewe kwenye mji huu mpya wa Ruvu Juu ulipokuwa bado unanuka saruji, akapewa kopo la grisi. Alijiuliza juu ya ngazi: nani kamwambia huyu mama kwamba tunatupa? Aliwahi kufika nyuma ya chumba cha kufulia hata siku moja?

Maana nyuma ya chumba cha kufulia kulikuwa na kijiwe. Zamu ikiisha, wauguzi walikaa pale juu ya madebe, birika la chai ya tangawizi katikati, na hakuna aliyekwenda kwake kabla hajasemwa. Msemaji mkuu alikuwa Pazi, muuguzi wa Kizaramo, mfupi, mwenye tumbo, na mdomo ambao mama yake mzazi aliuogopa. Nyamizi alikuwa Mnyamwezi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani anakwambia lolote wala hununi.

"Jamani, leo mmemwona Mnyamwezi wangu?" Pazi angeanza. "Mtoto wa watu kamvuta kama anateremsha gunia la karanga stesheni ya Tabora! Nikasema leo mtoto anazaliwa na urefu wa mtu mzima."

"Na wewe ulikuwa wapi? Mama anasukuma, Mzaramo anamchezea mdundiko."

"Nilikuwa namtuliza."

"Ulikuwa unatafuta upenyo ukalale. Wazaramo nazi ikidondoka mpaka muitishe kikao cha kuiokota."

Watu wangecheka mpaka chai iwamwagikie. Kisha, kicheko kikipoa, Nyamizi angeweka kikombe chini na kuinyoosha mikono yake hewani, kama vile mtoto bado yumo mikononi. "Lakini mtani kasema kweli. Hapa nilishtuka. Bega lilibana, nikakimbilia kuvuta. Ningemgeuza mama kwanza, apige magoti, bega lijiachie lenyewe. Kesho nitafanya hivyo." Na kesho yake alifanya hivyo. Pazi angesema, "Nimeona," basi, na hiyo ilitosha.

Hakuna aliyekiita kile kikao jina lolote. Ilikuwa chai.

Viti vilipokuja, chai ikapigwa marufuku. Mkurugenzi alieleza kwa upole kwamba maneno yanayomwagika kwenye chai Ubongo Mkuu hauyapati, na hiyo ni hasara kwa taifa. Halafu zikaja nyota. Kila aliyekiri kosa kitini, nyota yake ilipungua. Nyota ikipungua, unapangiwa zamu mbaya. Zikiisha, unaambiwa asante kwa utumishi wako. Haikuchukua muda watu wakaerevuka. Wote wakawa wanajibu wimbo mmoja: zamu ilikwenda vizuri, nilihisi utulivu, ningefanya vilevile. Kiti kilishukuru, kilemba kikapanda, mtu akaenda kupanda treni yake.

Nyamizi peke yake alisema kweli.

"Mama Shija, sema ilikwenda vizuri urudi nyumbani," Mihambo alimwambia kila jioni. Shija ni binti yao wa pekee, anafanya kazi Mwanza. "Wenzako wote wanasema hivyo."

"Nikikidanganya kitajifunza uongo, Baba Shija. Kesho kinamshika mtoto wa mtu kwa uongo wangu."

"Wenzako hawadanganyi?"

"Ndiyo maana."

Kiti nacho kiliujua utamu kilipoupata. Wengine kiliwaachia haraka, Nyamizi kilimshika. Alipojibu swali moja kilimzalia jingine. Yule mtoto wa Jumatatu ambaye hakulia, mikono yako iliganda kwa nini? Turudie. Ulihisi nini? Turudie tena. Kijiweni, msiba wa namna hiyo aliusema mara moja, Pazi akamtania mpaka akacheka na machozi, ukaisha. Kitini haukuisha. Alirudi nyumbani ugali umeshapoa, anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono bado imenyooka mbele yake.

Aliomba apumzike. Msimamizi wa zamu akamwambia kesho. Akaenda kwa Mkurugenzi mwenyewe, akaambiwa kesho litaangaliwa. Mihambo aliisikia hiyo kesho mpaka akaichukia kama mtu anavyomchukia jirani mwizi. Siku moja kesho ikafika, na Nyamizi amekaa kitini, viatu pembeni, na sauti inaendelea kumuuliza alihisi nini.

Hospitali ilisema ni moyo. Ilileta jeneza zuri. Mkurugenzi alihudhuria mazishi, na kamera zikamfuata. Pazi alipotaka kuingia kaburini, alale mle agome mpaka wafiwa wamlipe, aigize Nyamizi anavyotembea na anavyogomba, kama watani wanavyofanya toka zamani ili wafiwa wacheke na msiba ushushwe chini, vijana wa itifaki walimshika mikono. Walisema ni utovu wa heshima, kuna wageni. Nyamizi akazikwa bila kicheko hata kimoja. Mihambo aliona kitu hakijafungwa, lakini angemwambia nani?

Baada ya hapo wauguzi walipunguzwa mmoja mmoja, Pazi akiwa wa kwanza. Wakunga-chuma walikuwa wameiva, walisema wakubwa. Mihambo alibaki, kwa kuwa mashine haijipaki grisi.

*

Mwaka wa pili wa ujane wake, akina mama wodini wakaanza kulalamika. Mkunga-chuma ameshika mtoto vizuri, kila kitu kinakwenda sawa, mara anasema kwa sauti ndogo: "Nimechoka." Kisha anaendelea.

Walidhani ni viungo. Wakamwita Mihambo apande ngazi asikilize. Alipanda, akaweka sikio kwenye kifua cha chuma. Mashine ilikuwa inamgeuza mama mmoja apige magoti, bega la mtoto lijiachie lenyewe, na huku inavuma wimbo kwa chini. Mihambo aliujua ule wimbo. Uliimbwa nyumbani kwake, kwenye jiko lake, na mtu aliyekuwa akisahau chumvi.

Alishuka kwenye ngazi akakaa sakafuni. Hapo ndipo alipokutwa na mjumbe wa Mkurugenzi.

Ofisi ilikuwa juu kabisa mnarani, ukuta mzima kioo, mji wote chini kama vyombo vilivyoanikwa. Mkurugenzi Kweka alimkaribisha kwa mikono miwili. Na yeye alikuwa amezeeka, Mihambo aliona hilo wala hakumhurumia.

"Mzee Mihambo, nitakueleza bila kuzunguka. Marehemu alipofariki, Ubongo Mkuu ulikosa mwalimu. Wengine wote walichotuachia ni kitu kimoja: nilihisi utulivu. Huwezi kumfundisha mkunga kwa utulivu. Basi tulichukua saa zote za marehemu kitini, sauti, mapigo ya moyo, kumbukumbu ya mikono, tukatengeneza kivuli-sauti."

"Kivuli-sauti ndiyo nini?"

"Ni mfano wake. Kila zamu ya wakunga-chuma ikiisha, kazi yao anaonyeshwa yeye, anaulizwa yale maswali matatu, anajibu. Majibu yake ndiyo wanayoendea zamu inayofuata. Mashine isiyotafakariwa haiwashwi. Sheria hiyo niliiweka mwenyewe, kwa usalama wa akina mama."

Mihambo alilipanga lile jambo kichwani. Alikuwa mzito wa kuelewa mambo ya kisomi, lakini akishaelewa hayamtoki.

"Kwa hiyo tangu nimzike," alisema, "yuko kazini."

"Si yeye, mzee. Ni hesabu tu."

"Hesabu inachoka?"

Mkurugenzi aliangalia meza. "Hilo ndilo nililokuitia. Kila anapoulizwa alihisi nini, anasema amechoka. Majibu yanazidi kuwa mafupi. Leo alfajiri swali la tatu tulimrudia mara tisa ndipo akalijibu. Akinyamaza, wodi zote zinazima. Hapa, na kila hospitali ya ukanda huu, na wakunga wa kibinadamu hatunao tena."

"Mlikuwa nao."

"Tulikuwa nao," alikubali. "Ninakuomba uzungumze naye. Sauti yako anaijua. Mtie moyo aendelee."

Mihambo alimtazama yule mama. Tusi alikuwa nalo, tena zuri, la Kinyamwezi. Lakini lilimchosha kabla halijafika mdomoni.

"Mimi maneno ya kutia moyo sina," alisema. "Niitieni Pazi."

*

Pazi alikuwa anauza supu ya makongoro nyuma ya kituo cha treni. Alikuja na aproni yake, ananuka pilipili na vitunguu, akatembea kwenye korido aliyofukuzwa kama mwenye nyumba aliyerudi safari. Alipomwona Mihambo, akasimama.

"Mnyamwezi! Bado wanakupakisha grisi? Ningejua ningekuletea mafuta ya supu yangu, ni mazito kuliko hayo."

"Mtani," Mihambo alisema, akauonyesha mlango wa chumba cha viti.

"Najua. Wameniambia njiani." Pazi alivua aproni akaikunja polepole. "Yupo kwenye kile kile?"

Kilikuwa kile kile. Kiti cheupe, mkono wa kulia umechakaa pale kiganja cha Nyamizi kilipozoea kukaa. Hapakuwa na mtu. Kilemba kilikuwa kimeshuka juu ya hewa tupu, kinang'aa, na ukutani maneno yalionekana kadiri yalivyosemwa. Mlango wa pili ulifunguka kwenye wodi. Kulikuwa na mama mmoja kitandani, Bi Asteria, uchungu umemkolea, na mkunga-chuma amesimama juu yake anamaliza zamu.

Saa nne asubuhi, taa ikageuka kijani. Sauti tulivu ikauliza nini kilitokea.

Na Nyamizi akajibu. Mihambo alidhani amejiandaa. Hakuwa amejiandaa. Ilikuwa sauti yake ya jioni, ile ya ukingoni mwa kitanda. "Wamezaliwa salama. Yule wa mwisho kitovu kilimzunguka shingoni, nikakitelezesha."

"Ulihisi nini?"

"Nimechoka."

"Ungefanya nini tofauti?"

Kimya. Mkurugenzi alimgusa Mihambo kiwiko. Mihambo akamwonyesha Pazi kiti kwa kidevu. Ndipo Pazi akasogea, akaegemea kile kiti kama meza ya baa.

"Ninyi Wanyamwezi!" alifoka. "Mababu zenu walibeba mizigo ya watu kutoka bara mpaka pwani, wakafika wakasahau kuitua! Wewe hata kufa umekufa na gunia kichwani. Nani kakutuma?"

Taa ilicheza. Mkurugenzi akapiga hatua, "Bwana Pazi, tafadhali, utaivuruga—" lakini Pazi hakumtazama.

"Na kaburini wamenikataza kulala, eti kuna wageni. Unanidai kilio, mimi nakudai shilingi yangu ya kaburi. Halafu nimekuona pale wodini. Mikono sita! Miwili ulikuwa unavuta watoto kama karanga, sita utavuta nini, treni?"

Aliigiza. Mtu mzima yule mwenye tumbo alianza kutembea kama Nyamizi, kwa zile hatua za haraka za kuburuza kisigino, mkono kiunoni, akitafuta chumvi isiyokuwepo, akigombana na birika. Mihambo alihisi kitu kinapanda kutoka tumboni. Alidhani ni kilio. Kilikuwa kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Na kutoka kwenye kile kilemba, juu ya kiti kitupu, Nyamizi naye akacheka.

Wahandisi walisema baadaye kwamba kicheko hakikuwamo kwenye saa zozote walizorekodi. Kitini hakuwahi kucheka. Hawajui kilitoka wapi.

"Mzaramo," ile sauti ilisema, na ilikuwa nyepesi, "umekuja na chai?"

"Nimekuja na supu."

"Baba Shija yupo?"

"Nipo," Mihambo alisema. "Nipo hapa, Mama Shija."

"Baba Shija, zamu yangu inaisha lini?"

Maneno yakaonekana ukutani na kubaki pale. Wodini, mkunga-chuma akainua mikono yake sita juu, akaganda. Zamu haikuwa imetafakariwa. Sheria ni sheria. Bi Asteria akapiga ukelele.

"Mwambie kesho," Mkurugenzi alinong'ona. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mzee, tafadhali. Neno moja tu. Mwambie kesho, itawaka."

"Hiyo kesho," Mihambo alisema, "ndiyo mliyomuulia."

"Kuna mama pale!"

"Nimemsikia. Miaka yote alikaa hapa ili kisijifunze uongo. Leo uongo wa kwanza nimpe mimi mumewe?"

Pazi hakungoja waafikiane. Alishakunja mikono ya shati, amefungua maji, ananawa mpaka kwenye viwiko, anasema na Bi Asteria kupitia mlangoni: "Mama, usiogope, mimi ni muuza supu, lakini kabla ya supu nilikuwa mtu. Pumua. Sasa tugeuke, tupige magoti, hivyo hivyo. Nani alikufundisha? Mimi nilifundishwa na Mnyamwezi."

Mihambo na Mkurugenzi wakabaki na kile kiti. Hawakutazamana. Walisikiliza ule mlango, na Mihambo alijua kwamba mtoto yule akipotea, atakuwa amempoteza yeye, na hakuna kitabu cha sheria kitakachosema vinginevyo. Wakubwa wanakupangia mambo ili mwishowe mkono wenye lawama uwe wako.

Mtoto alilia.

Pazi alirudi amelowa jasho, akasimama mbele ya kile kiti kitupu, akanyoosha mikono yake hewani kama mtoto bado yumo. "Hapa nilishtuka," alisema kwa sauti iliyochoka. "Mikono imesahau. Kichwa kilitoka haraka, sikukizuia vizuri, mama kachanika kidogo. Ningeweka kiganja mapema."

"Nimeona," Nyamizi alisema.

Basi. Hiyo ilitosha.

Lakini ukutani swali lilikuwa pale pale, na simu ya Mkurugenzi ilikuwa inalia bila kupumzika: Bagamoyo mashine zimeganda, Kisarawe zimeganda, Chalinze kuna akina mama mpaka kwenye korido. Mkurugenzi alikaa sakafuni na suti yake, kiganja mdomoni. Aliitisha majina ya wauguzi wa zamani; akaambiwa huyu kafa, huyu kahamia kwa mwanawe, huyu anauza mitumba na hataki kusikia jina la hospitali. Pazi aliiangalia mikono yake. Ilikuwa miwili tu.

Mihambo alivuta debe la grisi, akalikalia karibu na kiti, karibu kama alivyokuwa akikaa ukingoni mwa kitanda. Angesema imekwisha, wangapi wangezaa peke yao leo? Angesema kesho, angekuwa nani basi?

"Baba Shija," ile sauti ilimuuliza tena, bila haraka, kama mtu anayefungua kamba za viatu. "Hujanijibu. Zamu yangu inaisha lini?"